Mkono wa kushoto wa rubani wa glaida

Swali: "Nimerusha glaida, ndege isiyo na injini, kwa miaka kumi na moja katika klabu moja ya Schwarzwald, kusini mwa Ujerumani, na logibuku yangu ina saa 640 nikiwa rubani mkuu. Sasa nataka kujifunza helikopta. Klabuni wenzangu wamegawanyika: wengine wanasema nusu ya kazi nimeshaimaliza, wengine wanasema nisahau kila kitu nianze kama mtoto. Nani yuko sahihi? Nipitie kwanza ndege ya injini? Nitapunguziwa saa ngapi? Na nikirudi nyumbani Kenya, ambako ndiko nataka hasa kurusha, nijiandae kwa nini?"

Jibu:

Dada yangu, nakujibu kama mtu aliyeipita njia hiyo hiyo. Nilianza na glaida, nikahamia helikopta, na kwa miaka mingi sasa kazi yangu ni kukaa kiti cha pembeni nikifundisha. Wanafunzi waliotoka kwenye glaida ndio ninaowafurahia zaidi. Ndio pia walionitisha zaidi, na kila mara chanzo kilikuwa kilekile. Nianze nacho, habari ya saa na pesa inaweza kusubiri kidogo.

Ukiwa unakuja kutua na glaida, mkono wako wa kushoto uko kwenye mpini wa breki za hewa. Ukiona uko juu mno, unauvuta nyuma, breki zinafunguka, unashuka kwa kasi zaidi. Ukiona utapelea kabla ya uwanja, unausukuma mbele na glaida inashika hewa tena. Umefanya hivyo katika kila kutua kwa miaka kumi na moja, na bila shaka sasa mkono unajiendesha wenyewe. Kwenye helikopta mkono huohuo unashika kolektivu, mpini ulio ubavuni mwa kiti. Ukiuvuta juu, mapanga yote ya rota yanaongeza pembe kwa pamoja na helikopta inapanda. Ukiushusha, inashuka. Kwa hiyo kuvuta, ambako mwilini mwako maana yake ni kushuka, huku maana yake ni kupanda.

Katika urushaji wa kawaida utalizoea jambo hili baada ya masomo machache, kwa sababu kosa linaonekana papo hapo. Uko juu ya njia, unavuta, chombo kinapanda badala ya kushuka, unajirekebisha. Hatari iko penye mshtuko, na kuna sehemu mbili ninazozichunga sana. Ya kwanza ni mwishoni mwa kukaribia kutua, ukiwa chini na polepole. Unaona utapelea, mkono unasukuma "kufunga breki", na helikopta inaishia ardhini. Ya pili ni wakati wa otoroteshoni, yaani kushuka bila nguvu ya injini. Umechagua shamba, unaona utalipita, mkono unavuta. Hapo hufungui breki zozote. Unayaongezea mapanga pembe wakati hakuna injini ya kuyazungusha, na mzunguko wa rota unaanguka.

Lilinipata mimi mwenyewe. Katika otoroteshoni zangu za mwanzo niliona ninaupita uwanja, nikavuta kama nilivyozoea, na king'ora cha mzunguko mdogo kikalia kabla sijaelewa nimefanya nini. Mkufunzi wangu alikuwa ameshaushusha mpini. Kwenye Robinson R22, chombo ambacho wengi hujifunzia, king'ora hicho hulia mzunguko ukishuka kwenye asilimia 97. Kiwanda chenyewe kinaonya kwamba rota inaweza kustoli moja kwa moja, yaani mapanga kushindwa kabisa kubeba, mzunguko ukiwa chini ya asilimia 80, kuongeza asilimia 1 kwa kila futi 1,000 za mwinuko. Bawa la glaida likistoli, unashusha pua, unapoteza mita kadhaa, unaendelea na safari. Rota ikistoli hivyo hairudi. Ndiyo maana R22 inataka kolektivu iwe chini ndani ya muda wa kama sekunde moja injini inapokata. Rota yake ni nyepesi, haina akiba kubwa.

Dawa ya kulipita shamba ipo, na inakaa mkono wa kulia: punguza mwendo, au piga kona za kwenda na kurudi, ukiuacha mkono wa kushoto umetulia mahali unapolinda mzunguko. Mwambie mkufunzi wako siku ya kwanza kabisa, "Mimi ni mtu wa glaida, angalia mkono wangu wa kushoto." Asiyejua anaweza kushangaa mwanafunzi aliye hodari hivyo akifanya kosa la namna hiyo. Akiambiwa mapema atakuwa ameweka kiganja tayari.

Mkono wa kulia nao una jambo lake. Ulifundishwa kwenye winchi, mashine inayoivuta glaida kwa kebo ipande, kwamba kebo ikikatika, unashusha pua mara moja bila kufikiri, na fundisho hilo limeokoa maisha ya wengi. Kwenye helikopta injini ikikata ukiwa safarini, unashusha kolektivu, unasawazisha kwa pedali, na usukani, ile fimbo ya mkono wa kulia, unaurudisha nyuma kidogo ili hewa iendelee kupita ndani ya rota kutoka chini na kuizungusha. Ukiisukuma pua mbele kwa nguvu unaipunguzia rota mzigo, na mzunguko unapungua wakati ule ule unaouhitaji.

Kwenye rota ya mapanga mawili kama ya R22 na R44 kuna jambo baya zaidi. Rota ya aina hiyo imening'inizwa kama mizani kwenye masti, mhimili unaoizungusha. Inakitawala kiwiliwili cha helikopta kwa sababu tu inabeba uzito wake. Ukiusukuma usukani mbele mpaka ukahisi mwili unakuwa mwepesi kitini, rota haibebi tena. Msukumo wa rota ya mkia unakilaza chombo upande wa kulia, na rubani anayejaribu kukinyanyua kwa kuusukuma usukani kushoto anaweza kuifanya rota igonge masti na kuikata. Jibu sahihi ni kurudisha usukani nyuma taratibu mpaka uzito urudi, kisha ndipo unyooshe mlalo.

Kwa nini nakukazia wewe? Kwa sababu watu wa glaida huruka kama pomboo. Kwenye hewa inayopanda unavuta na kupunguza mwendo. Ukitoka humo unasukuma pua, tumbo linapanda, unakimbia kuvuka hewa inayoshuka. Ni ufundi mzuri na umekupeleka mamia ya kilomita. Kwenye Robinson usiufanye hata mara moja, hata kwa upole, hata siku nzuri.

Baada ya hayo, sasa wale wenzako wanaosema nusu ya kazi umeshaimaliza. Wana hoja, tena kubwa.

Otoroteshoni ni glaida. Mkufunzi anayemfundisha mtu aliyetoka kwenye ndege ya injini hutumia muda mrefu kumtoa hofu ya kimya na kumfanya aamini kwamba chombo bado kinaruka. Wewe umeishi katika kimya hicho. Unajua kwamba mwinuko ni fedha iliyo benki, na kwamba kuna mwendo wa kushuka polepole na mwendo mwingine wa kufika mbali. Kwenye R22 wa kwanza ni noti 53, yaani maili 53 za baharini kwa saa, na wa pili ni noti 75 huku mzunguko wa rota ukiachwa ushuke hadi asilimia 90. Kitakachokushtua ni bei. Kwa mwendo huo wa kufika mbali, R22 inasogea mbele futi 4 kwa kila futi 1 inayoshuka. Kutoka futi 1,500 unafika maili moja ya baharini. ASK 21, ambayo nadhani ndiyo uliyojifunzia kama walivyojifunzia wengi Ujerumani, inasogea karibu futi 34 kwa kila moja, kwa hiyo kutoka urefu huohuo, hewa ikiwa tulivu, inakwenda zaidi ya kilomita 15. Wewe umezoea kuchagua shamba, kulichunguza, kubadili mawazo na kuchagua jingine. Ukiwa na helikopta kwenye futi 500 una kama sekunde 20. Shamba linatakiwa liwe limeshachaguliwa kabla injini haijakata, na ukishalipita, lichague linalofuata. Tabia hiyo unayo, ila uiharakishe.

Akiba yako katika otoroteshoni ni mzunguko wa rota. Karibu na futi 40 unavuta usukani nyuma, mwendo unapungua na rota inapata nguvu zaidi. Kisha unakisawazisha chombo, na hapo ndipo mkono wa kushoto unaporuhusiwa kuvuta, mara moja tu, kuitumia akiba yote kulainisha mguso. Wanafunzi wangu wa glaida huona vizuri wakati wa kuanza kuvuta, kwa sababu jicho lao linasoma ardhi inavyokuja.

Jicho hilo litakusaidia pia kwenye somo linalowatesa wote, kuelea mahali pamoja. Kumbuka siku zako za kwanza nyuma ya ndege ya kukuvuta. Ulikuwa unairekebisha glaida, inapita kiasi, unairudisha, inapita tena upande wa pili, mpaka ukajifunza kugusa kidogo, kungoja, na kuacha kuukimbiza mkia wa ndege iliyo mbele. Kuelea kwa helikopta ni hilohilo. Usukani unachelewa kidogo kujibu, na anayesubiri kuona jibu kabla ya kupunguza mkono huwa ameshachelewa. Fikiria mkandamizo wa vidole, usifikirie kuupeleka usukani huku na huko. Angalia mbali, kwenye mti au paa lililo ng'ambo ya uwanja, usiangalie nyasi chini ya miguu. Walioshinda mapema kuvutwa na ndege hushinda mapema hapa pia.

Miguu yako ni hai, na hilo ni zawadi. Marubani wengi wa ndege ndogo za injini huja na miguu iliyolala. Ila miguu yako imeoana na mkono wa kulia: unalaza bawa, unakanyaga. Huku inabidi ioane na mkono wa kushoto. Kila unapovuta kolektivu, injini inazungusha rota kwa nguvu zaidi na pua inataka kugeuka upande wa pili, basi mguu unaizuia. Kwenye R22 ni mguu wa kushoto. Kwenye Cabri G2 ya Wafaransa, ambayo rota yake inazunguka kinyume, ni wa kulia. Na kuna jambo litakalokufurahisha ukiingia R22 kwa mara ya kwanza: kwenye kioo cha mbele utaukuta uzi. Ni ule ule uzi wako wa glaida, unaoonyesha kama chombo kinakwenda kiubavu, na unausoma vilevile chombo kikiwa na mwendo wa mbele. Ukiwa unaelea mahali pamoja, usiuulize kitu.

Kutua mashambani pia ni hazina ambayo huwezi kuinunua shuleni. Kutazama mteremko, urefu wa mazao, upande upepo unakotoka kwa kuangalia moshi au ziwa, na kuzitafuta waya kwa kutafuta nguzo zake: hayo yote rubani wa helikopta anayahitaji kila wiki.

Hata hivyo, glaida imekunyima kitu kimoja, nacho ni haki ya kughairi. Glaida ikishaanza kutua inatua, kwa hiyo umefundishwa kuikamilisha njia uliyoianza. Kwenye helikopta nataka uzoee kusema "hapana" ungali na urefu na mwendo, uondoke, uje upya. Hasa kama upepo uko nyuma yako. Ukishuka kwa nguvu ya injini huku mwendo wako hewani ukiwa chini ya noti 30 hivi, na unashuka zaidi ya futi 300 kwa dakika, rota inaweza kuanza kuzama katika hewa yake yenyewe iliyochafuka, na kuvuta kolektivu kunazidisha kuzama. Njia ya zamani ya kutoka ni kusukuma usukani mbele na kupunguza kolektivu. Rubani Mswisi Claude Vuichard aliisambaza nyingine ya kutoka kwa ubavu, inayopoteza urefu mdogo zaidi. Jifunze zote mbili ukiwa juu. Lakini unayekuja dhidi ya upepo na hujang'ang'ania njia mbovu, huenda usizihitaji.

Kuhusu hewa yenyewe, huna wa kukufundisha mengi, ila ladha yako ibadilike. Siku inayowafanya watu wa glaida waamke alfajiri, upepo mkali juu ya mlima na hewa inayochemka mchana, ni siku ambayo mwanafunzi wa R22 anabaki chini. Kitabu cha R22 kinamkataza rubani ambaye bado hana saa 200 za helikopta, zikiwemo 50 za aina hiyo, na mafunzo maalumu ya tahadhari, kuruka upepo wa ardhini ukizidi noti 25, au tofauti kati ya upepo na mivumo yake ya ghafla ikizidi noti 15. Saa zako 640 za glaida hazihesabiki hapo hata moja, na naona ni sawa.

Umeuliza nani yuko sahihi. Historia ina mfano mmoja mkubwa. Hanna Reitsch alikuwa rubani wa glaida kabla ya mengine yote, na Februari 1938 aliirusha helikopta ya Fw 61 ndani ya ukumbi wa Deutschlandhalle mjini Berlin, mbele ya watazamaji, usiku baada ya usiku. Anahesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza kurusha helikopta. Siwezi kulitaja jina lake bila kusema kwamba aliutumikia utawala wa Wanazi, na maonyesho yale yalikuwa propaganda yao. Lakini ufundi wa mikono ulikuwepo, na ulitoka kwenye glaida. Miaka ya 1960 alikwenda Ghana kwa mwaliko wa Kwame Nkrumah akaanzisha shule ya glaida Afienya, jambo ambalo wengi wetu Afrika Mashariki hatulijui.

Sasa hesabu. Chini ya kanuni za Ulaya, leseni ya rubani binafsi wa helikopta inataka saa 45 za mafunzo, zikiwemo 25 pamoja na mkufunzi na 10 peke yako chini ya usimamizi. Katika hizo 10, saa 5 ni za safari, na safari moja iwe ya kilomita 185 au zaidi ikiwa na kutua kwenye viwanja viwili tofauti. Mwenye leseni ya chombo kingine, glaida ikiwemo, anapunguziwa asilimia 10 ya saa zake za urubani mkuu, lakini zisizidi 6. Kwa saa 640 ungedhani unastahili 64, unapata 6. Zinabaki 39, na zile 10 za peke yako haziguswi. Kwenye nadharia hutarudia masomo ya pamoja kama sheria za anga na hali ya hewa, ila utasoma na kufanyia mtihani kanuni za urukaji, ufahamu wa chombo, uwezo wake, taratibu za uendeshaji na uongozaji wa safari. Utahitaji pia cheti cha afya cha daraja la pili. Weka bajeti ya saa 50 na zaidi. Wanaopanga 39 kamili huishiwa pesa wakiwa karibu kabisa, kisha hukaa miezi bila kuruka na mikono inasahau.

Kwenye ndege ya injini usipitie. Itakula pesa ya helikopta na haitakufundisha kuelea wala kolektivu. Kinachokosekana kwako ni injini yenyewe: mafuta yanayopungua wakati wewe unafurahia mandhari, na kabureta inayoganda barafu hata siku isiyo na baridi. Hayo kaa nayo darasani jioni mbili tatu na fundi wa hangani. Kama klabu yako ina glaida yenye injini, ombeni saa chache humo.

Kati ya R22 na Cabri, ningekupeleka kwenye Cabri kama bei na umbali vinakaribiana. Ina mapanga matatu, na rota ya namna hiyo haina ule ugonjwa wa kugonga masti. Kwa mtu wa pomboo kama wewe hilo lina uzito kwangu. Ila usibadilishe katikati, kwa sababu saa 35 kati ya zile 45 zinatakiwa ziwe kwenye aina moja, ile utakayofanyia mtihani.

Na Kenya. Feldberg, kilele cha Schwarzwald yenu, kina mita 1,493. Uwanja wa Wilson jijini Nairobi uko zaidi ya futi 5,500, karibu mita 1,690. Yaani utaanzia juu kuliko kilele cha mlima unaouzunguka kila Jumamosi. Siku ya nyuzi 26 pale, hewa ni nyepesi kana kwamba uko zaidi ya futi 8,000, injini haipumui vizuri, na chombo kilichoelea kwa urahisi Ujerumani kikiwa na watu wawili na tangi limejaa kinaweza kukataa. Ile hesabu ya rota kustoli, pale Wilson inapanda hadi karibu asilimia 86, kwa hiyo nafasi kati ya king'ora na ajali imepungua. Uliza pia kuhusu hewa ya kati ya Aberdare na Mlima Kenya. Watu wa glaida waliorushia Mweiga, karibu na Nyeri, wameyajua mawimbi ya hewa ya mlimani pale kwa miongo mingi, nawe utayaelewa haraka kuliko rubani yeyote wa helikopta unayemkuta. Ukifika, chukua saa kadhaa na mkufunzi wa huko kabla hujambeba abiria, na somo la kwanza liwe kuelea na kuondoka ukiwa mzito, saa nane mchana.

Kabla ya somo lako la kwanza, omba kukaa ndani ya chombo kikiwa kimezimwa hangani, mkufunzi akiwa pembeni. Funga macho. Yeye aseme "injini," wewe ushushe mpini. Aseme "umepita shamba," na mkono wa kushoto usisogee. Fanya hivyo mara hamsini, bila haraka. Kisha ukimaliza saa ya kumi angani, niandikie tena uniambie ule mkono ulifanya nini katika otoroteshoni ya kwanza.